Shefu wa Gare na Mvua Yake

Muzee niliyepakana naye parseli, kiwanja kwa kiwanja, hakuwa na desturi ya kukuuliza umelalaje. Ukitoka asubuhi na fagio lako, yeye tayari amesimama kwenye ukingo wa miti unaotenga kwake na kwangu, kofia ya kazi kichwani, telefone mbele ya macho, na neno la kwanza atakalokutolea ni la mvua. "Mama Mwamini, leo njia ni wazi mpaka saa nane." Watoto wameamkaje, mugongo wangu unaendeleaje, hayo hayakuwa ya kwake. Nami nilikuwa ninamujibu kwamba nimeamka vizuri, asante sana, ili ajue alichopaswa kuuliza. Hakujua kamwe.

Tulimuita Shefu wa gare, na walio wavivu walisema Shefu tu. Gare ndiyo steshoni ya treni ya hapa Kindu, pale reli inapoishia na muntu anayetaka kuendelea anashuka kutafuta boti kwenye Lualaba. Aliisimamia gare hiyo miaka mingi, na kazi ilipokwisha haikumutoka mwilini. Kila kitu kwake kilikuwa kinafika au kinachelewa: wageni, mushahara, mimba za wanawake wa avenyi yetu, hata kifo. Mvua njo ilikuwa mbaya zaidi. Mvua kwake ilikuwa treni. Inatoka mahali, inapita mahali, ina saa yake, na kama haikufika, kosa si la yule aliyeitangaza.

Sasa nyumba yake iko na wapangaji, watu wa Butembo wenye duka, wanasalimia vizuri. Watu wakinisikia ninamutaja Shefu wanafikiri ninataka kumusifu kwa sababu hayupo. Hapana. Alinichosha, nami nitasema alivyokuwa.

Kofia ile, kwanza. Haikuwa tena na rangi, ukingo wake wa mbele ulikuwa umevunjika na kushonwa kwa uzi wa kushonea magunia, lakini alikuwa akiipiga burashi kila asubuhi. Bila kofia hakukuambia neno la mvua. Ukimukuta anaoga ukamuuliza kupitia ukuta wa majani kama uanike mupunga, hakujibu mpaka avae, atoke, asimame. Mupunga wangu uko ndani ya gunia, jua linapita, na mimi ninamungoja muzee avae kofia. Kisha anatoka na kusema: "Subiri kidogo, Mama, kuna kitu iko njiani."

Vijana wa sasa hawaamini nikiwaambia kwamba wakati wa vita sisi wanawake tulikuwa tunaitafuta mvua.

Treni ilikatika. Njia za kutoka muji zilifungwa, maaskari waliweka baryeri zao, miti imelazwa njiani na wao wamekaa pembeni na bunduki. Mashamba yetu yalibaki upande wa pili. Mihogo inaota kule bila mwenyewe, na huku ndani ya muji watoto wanavimba miguu kwa njaa. Mwanamuke akitoka na jua, alikuwa harudi, au alirudi bila kapu na bila sauti, na hakuna aliyemuuliza. Lakini muntu mwenye bunduki hapendi kulowa. Mvua kubwa ikianza, wale wa baryeri waliingia chini ya mabati yao, na sisi tulipita kwenye majani tumeinama, tukavuna mihogo na sombe, majani yake, tukarudi kabla haijakatika. Shida ilikuwa hiyo ya kukatika. Mvua ndogo ilikuwa inatuua. Inakuingiza shambani, inakwisha, maaskari wanatoka, na wewe uko katikati na kapu kichwani.

Kwa hiyo tulihitaji muntu wa kutuambia mvua inayokuja ni ya namna gani, na muntu huyo alikuwa yeye. Alikuwa na radio ndogo ya betri. Hakuisikilizia habari. Alizungusha kifundo mpaka mahali pasipo na steshoni hata moja, akaweka sikio, akasikiliza makelele. Radi ikipiga mbali, hata huko Punia, radio inakwaruza. Yeye alisikiliza ile mikwaruzo, kama inaongezeka, kama inasogea, kama imekaa. Sisi tumechuchumaa pale ukutani na makapu, tunamuangalia uso. Kisha anatamuka. Akisema "hii ni ya abiria," tulirudi kulala na njaa yetu, kwa maana ya abiria inapita mbio. Akisema "hii ni ya mizigo," tulifunga vitenge. Ya mizigo ni nzito, ndefu, haina haraka.

Kila mwanamuke aliyerudi salama alimuwekea fungu la sombe mulangoni. Hakuna aliyeagiza, ilikuwa hivyo tu, tuliliita fungu la Shefu. Naye alichukua yote, akapika, na akala na chumvi. Wakati ule chumvi ilikuwa haionekani Kindu, watu wanachemsha majivu ya majani ya mutoni, na muzee huyu alikuwa nayo, wote tulijua, aliipata kwa treni ya mwisho. Hakumupa muntu. Unamuletea majani uliyoyaendea kwenye bunduki, unasikia harufu ya chungu chake, na yeye anakuambia asante, kesho huenda kuna ya abiria.

Lakini binti yangu Mwamini, alipokuwa mudogo, alivimba uso mpaka macho hayafunguki, na Shefu akaja na chumvi ndani ya kiberiti kitupu. Akaiweka kwenye kinu, akatoka bila kusema. Nilianza kumuonea huruma. Basi wiki yote iliyofuata alikuwa anapita kuniuliza kama kiberiti chake kiko wapi. Muntu wa namna hiyo utamupenda vipi, utamuchukia vipi?

Siku moja alisema ya mizigo, ikakatika tukiwa ndani kabisa ya shamba. Tulilala kifudifudi katikati ya mihogo, tope ndani ya masikio, tukiwasikia maaskari wanacheka kule njiani, mpaka jua likazama. Hakuna aliyekufa. Niliporudi sikuingia kwangu. Niliingia kwake vile nilivyo, nikasimama juu ya mukeka wake safi na tope langu, nikamuuliza ile mvua ya mizigo ilikwenda wapi. Akaniangalia, akarekebisha kofia.

"Ilichelewa kidogo," akasema.

Haikuchelewa, ilikwisha. Lakini miaka yote ya vita, na treni haipo, alikuwa akienda gare kila siku ya kazi kufungua dirisha la tikiti, na akiulizwa na watu waliokaa pale na mizigo yao, neno lilikuwa hilo hilo. Inachelewa. Reli imeotwa na majani marefu kuliko mutoto, na yeye anasema inachelewa. Watu walirudi nyumbani wametulia. Hilo nalo nililiona.

Baada ya vita Mwamini akakua, akaanza kununua mupunga ng'ambo ya Lualaba, upande wa Alunguli, na kuuleta huku kuukoboa. Anavuka asubuhi, anarudi mchana na magunia katika mutumbwi mukubwa wa mota. Na mvua zetu mnazijua, zinapenda mchana. Mutumbwi ukikutwa katikati ya maji na upepo, hakuna wa kumuuliza. Nina watoto wengine, wako mbali. Huyu njo aliyebaki na mimi. Kila siku ya soko nilikuwa ninakaa mulangoni mpaka nimuone anapinda kona ya avenyi yetu na kitenge kichwani.

Na huyu mutoto, niliyemuzaa mimi, hakunisikiliza mimi. Alimusikiliza Papa Shefu.

Telefone njo ilimuharibu muzee. Radio ilikuwa na kitu kimoja tu cha kusikiliza. Kwenye telefone kuna aplikasyo za mvua nyingi kama mboga sokoni, na yeye alitaka kuzijaribu zote ili achague moja iliyo ya kweli. Ya kwanza ilisema Kifaransa, na kila siku ilimuonyesha jua, wingu na radi pamoja, katika picha moja. Nikamwambia hiyo hata mimi ninaweza kuisema bila telefone, niko Kindu tangu zamani. Ya pili ilikula mega zake zote za intaneti kabla hajamaliza kunywa chai. Nyingine ilimuuliza maswali mengi juu yake mwenyewe, akakasirika, akaitoa. Kila aplikasyo ilimaanisha kikao kwenye kiti changu, chini ya bati langu, kwa sababu kwake rezo ya telefone haikushika vizuri. Ninapepeta mchele, yeye ananisomea upepo wa Kisangani.

Kisha akaipata ile ya rada. Niliitwa kama kuna moto. Ilikuwa ramani inayotembea. Nchi fulani ya mbali, mvua yao imepakwa kijani, njano na nyekundu, na rangi zile zinasogea kama siafu, zinaingia muji huu na kutoka kwenye ule, na pembeni saa imeandikwa. Sijapata kumuona na furaha ile, hata treni iliporudi baada ya vita. Aliniwekea telefone mbele ya macho.

"Unaona, Mama Mwamini? Kila kituo na saa yake."

Nikamuuliza kwetu je. Akaisukuma ramani mpaka Kindu. Kweupe, safi.

"Kwetu njia ni wazi."

Ilikuwa kiangazi. Kila asubuhi akiangalia, kweupe, na kweli haikunyesha. Nilianika mupunga wangu kwa neno lake, ukakauka. Mafundi wa matofali walianika kwa neno lake. Wenye mitumbwi wakaanza kumungoja asubuhi kabla ya kuwasha mota. Wiki zilipita hivyo, na muzee akatangaza kwamba uchaguzi umekwisha, nyingine zote amezitoa, hii haijamudanganya hata siku moja. Nikamwambia hata kuku wangu angemwambia hakuna mvua katika kiangazi. Akanijibu kwamba kuku hana saa.

Mvua zikarudi. Siku ya soko Mwamini alikuwa ng'ambo, magunia yake yamekwisha kupakiwa, akapiga telefone. Hakunipigia mimi. Nilimusikia muzee upande wake wa miti anasema subiri binti yangu, halafu kimya, halafu: wazi, vuka. Mimi nilikuwa ninaondoa nguo kwenye kamba kwa sababu upepo ulikuwa umegeuka na kunuka udongo. Nikamuita aangalie juu.

"Mama, macho yako yanafika mwisho wa avenyi," akasema. "Hii inaona dunia."

Sikumaliza kukunja nguo. Upepo ulikuja na bati la jirani, kisha maji, kisha giza la mchana lile tunalolijua. Niliporuka kwenda njiani nilimukuta amesimama mulangoni pake, maji yanamutiririka kwenye kofia, telefone mukononi, na ile ramani bado nyeupe. Mvua inanyesha juu ya kioo, na ndani ya kioo hakuna mvua. Nilimukamata shati, nikamuvuta mpaka bandari ya mitumbwi. Lualaba ilikuwa haionekani. Tulisimama pale na wake za wapiga mota, hakuna aliyelia, maana kulia ni kama kukubali. Muzee alikuwa anaisukuma ramani kwa kidole, huku na huku, mpaka akaona Congo yote ni nyeupe, na mvua hainyamazi Congo yote siku moja, hata mimi ninalijua hilo.

Mwamini alikuja kwa miguu kutoka kule muto unakoelekea, mvua imekwisha kupungua, hana viatu, goti limechanika. Walitupa magunia yote majini, na maji yaliusukuma mutumbwi mpaka ukagonga ukingo mbali kule. Wote walitoka. Nilimushika uso kwa mikono yangu miwili. Na neno la kwanza la mutoto wangu lilipita juu ya kichwa changu.

"Papa Shefu, usilie, tumefika."

Sikuulizwa kitu. Nilikwenda nyumbani kuchemsha maji.

Kesho yake alikwenda kwa musichana anayeuza mega, wakasoma pamoja yale maandishi madogo chini ya ramani. Akarudi, akakaa kwenye kiti changu, na siku hiyo hakuwa na kofia. Akanieleza kwamba rada ni mashini inayosimama chini, juu ya mulingoti, inazunguka na kuangalia mvua iliyo karibu yake. Huko kwenye rangi wanazo. Huku kwetu haipo. Ule weupe si anga safi, ni mahali ambapo hakuna anayeangalia.

"Na wewe ulisoma nini?" nikamuuliza.

"Ku gare, ubao ukiwa mutupu, reli iko wazi. Miaka yote nilisoma vile. Ubao mutupu, unapeperusha bendera, treni inakwenda."

Nilitaka kumugombeza, nikaona kichwa chake bila kofia, nikamumiminia chai. Nikafikiri angalau sasa tutapumzika.

Hatukupumzika. Wiki haikwisha akaanza tena kuchagua. Sasa alikuwa na ukali. Kila aplikasyo aliiuliza kwanza: wewe unatuona na nini? Ikiwa ni rada, anaitoa. Akabakiza mbili: moja ya picha za mawingu zilizopigwa kutoka juu kabisa, inayochelewa, na moja inayoweka alama pale radi inapopiga. Hiyo ya radi aliipenda, alisema ni radio yake ya zamani waliyoitia macho. Na ilimuambia kweli mara nyingi, siwezi kukataa. Watu wakarudi kumungoja asubuhi. Mwamini wa kwanza.

Basi nilimuendea mimi mwenyewe. Nilivaa vizuri, nikapiga hodi mulangoni mbele, si pale kwenye miti. Nikamwambia: Shefu, mutoto wangu atakufa kwa mudomo wako. Siku ambayo mashini yako inaona, sema. Siku ambayo haioni, waambie hujui.

Aliniangalia kama nimemutuma atembee sokoni bila suruali.

"Mama Mwamini, watu wametoka mbali na mizigo," akasema. "Wanakaa pale, wanakuangalia. Utawaambia inafika, utawaambia inachelewa. Lakini hujui? Shefu wa gare akisema hajui, wale watu watakwenda wapi?"

Nikamwambia watakwenda nyumbani. Tukaacha kusalimiana, yaani mimi nikaacha, yeye hakuwa amewahi kuanza.

Mwaka uliofuata macho yake yaliingia ukungu na miguu ikamukataa, akawa anatembea na fimbo. Bado walikuja kumuchukua siku za soko, wamukalishe juu ya pipa pale bandarini. Mara ya mwisho nilipomuona amesimama kwa miguu yake ilikuwa asubuhi moja ya soko, mwezi wa mvua nyingi. Mimi nilikwenda kumuzuia Mwamini. Upande mumoja jua lilikuwa linachoma, upande wa Punia mbingu imekuwa nyeusi kama sufuria. Kule ng'ambo wakulima walikuwa wanamungoja Mwamini na mupunga, na asipofika wanamupa mwingine. Nikamwambia turudi.

"Mama, tumusikie kwanza Papa Shefu."

Muzee alitoa telefone. Rezo ilikuwa imekatika tangu alfajiri, muji muzima. Alama zilizokuwa pale zilikuwa za jana. Aliizima, akaiwasha, akaisogeza karibu na jicho. Akainua uso kuangalia mbingu yenyewe, lakini kwa macho yale alikuwa anaona mwangaza tu. Wapiga mota wamesimama na kamba mikononi. Wanawake wamekaa juu ya mabeseni yao. Mwenye mutumbwi akamuuliza kwa heshima: Shefu, inafika saa ngapi?

Akairudisha telefone mufukoni. Kisha akasimama, ameegemea fimbo, kama anayetaka watu wote wamusikie.

"Sijui."

Mwenye mutumbwi alicheka, akidhani ni muzaha. Hakuna mwingine aliyecheka. "Wanangu, leo sijui," akasema tena, akakaa, na nikaona jasho linamushuka shingoni kama muntu aliyebeba gunia. Mwenye mutumbwi alingoja kidogo, kisha akaichomoa mota, akaibeba begani mpaka juu ya muchanga. Hakuna aliyevuka.

Na mvua haikunyesha. Ule weusi ulizunguka, ukaenda zake. Jua lilitoka, maji yakawa laini, hata mutoto angevuka. Watu wakaanza kununa. Muchuuzi mumoja mwenye samaki wake wanaoharibika akasema kwa sauti kwamba muzee huyu zamani alikuwa anadanganya vizuri, sasa hata hilo limemushinda. Nilishtukia nimesimama. Nikamwambia mama huyo afunge mudomo, kwamba hajui bei ya neno lile, na kama anataka kuvuka, maji ni yale pale, aingie aogelee na samaki wake. Muzee hakugeuza kichwa. Sijui kama alisikia.

Nikarudi kukaa. Mwamini alikuwa pembeni yangu juu ya magunia matupu, amekauka, amekunja uso, anahesabu mupunga aliopoteza. Vumbi kwenye vidole vya miguu. Kitenge hakina hata tone. Nilikaa ninamuangalia mpaka akachoka.

"Mama, unaniangalia nini?"

Nikamwambia anyamaze, ale muhogo wake.